Kisanduku cha Stima Juu ya Kitanda

Nakumbuka Ijumaa moja ya mvua, mwanangu, siku ambayo baba mkwe wangu alisimama juu ya kitanda changu na gumboti zenye matope. Cheka kwanza, umalize. Siku hizi hata mimi hucheka, ingawa ilinichukua miaka mingi kufika hapo.

Nimesikia, mwana wa dada yangu, kwamba unajenga gereji huko Nyamira, imeshikana na nyumba yako, na kwamba fundi alipokuuliza kisanduku cha stima kikae wapi ulimwambia chumbani kwako, juu ya kitanda, ili vijana wa kazi wasikichezee. Aliyeniletea habari hizo alidhani nitafurahi. Mimi nilikosa usingizi. Basi vuta hicho kiti, umimine chai, unisikilize kabla fundi hajatoboa ukuta.

Mimi ni mtu wa Manga, kama unavyojua, ila niliolewa Mosocho, nyumbani kwa mzee Onchiri. Mume wangu Mogaka alikuwa mwanawe wa kwanza. Alijifunza ufundi wa magari Kisumu, akarudi na mikono iliyojaa grisi na maneno mengi, akajenga gereji kando ya barabara inayokwenda Kisii. Gereji na nyumba yetu vilitumia ukuta mmoja. Upande huu watu wanagonga vyuma, upande huu mimi nanyonyesha mtoto. Kelele hizo nilizizoea mpaka zikinyamaza naamka.

Sasa, kabla sijaendelea, kuna jambo lazima ulielewe. Wewe umezaliwa wakati ambapo mzee anaingia sebuleni kwa mwanawe, anavua viatu, anaomba rimoti. Siku zetu, wee! Mzee hakukanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakuingia hata mvua ikimnyeshea, hata kama ni yeye aliyekata miti ya kuijenga. Na chumba cha kulala cha mwana na mkewe, hicho hata kukitaja alikwepa. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na hukuhitaji mtu wa kukukumbusha. Ilikuwa ndani ya mwili, vile wewe huwezi kwenda sokoni uchi hata kama hakuna wa kukukataza. Mzee Onchiri alinisalimu miaka yote akiangalia migomba. Nikimpelekea chakula, nilimtuma mtoto. Wala hakuwa ananichukia. Alinipenda sana yule mzee, na namna yake ya kunipenda ilikuwa ni kutonitazama.

Gerejini ndiko alikoweza kukaa na mwanawe mchana kutwa bila kuvunja lolote, kwa kuwa gereji ni mahali pa kazi. Alikuwa na kiti chake, kiti cha gari bovu kilichong'olewa, akakiweka karibu na mlango. Hapo aliinyoosha misumari iliyopinda, akakaripia vijana wa kazi, akamwuliza Mogaka maswali ambayo Mogaka alijifanya yanamchosha. Uongo mtupu. Siku mzee asipokuja, Mogaka alikuwa anachungulia njia kila saa.

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza ile stima ilipofika upande wetu. Nguzo zilipita kando ya barabara, na Mogaka akasema hatutaki kubaki na taa za mafuta ilhali waya zinapita juu ya vichwa vyetu. Watu wa stima wakaleta waya mpaka nyumbani, wakafunga mita, wakaenda zao. Kutoka kwenye mita kuendelea ndani ilikuwa shauri yetu. Mogaka akamwita fundi kutoka Kisii mjini, jina lake Shabani, Mwislamu mpole mwenye Kiswahili kinachotiririka. Shabani hata akikugombeza unajiona umesifiwa. Sisi Kiswahili chetu kilikuwa cha shule, tukakirusha kama mtu anayerusha mawe, naye akatuelewa.

Shabani alikuja na ubao, pima maji, tindo na mfuko wa skrubu. Alikagua gereji yote kwanza, akatazama paa linavuja wapi, maji yanaingilia wapi. Kisha akasimama kando ya mlango.

"Bwana Mogaka, kisanduku chako mahali pake ni hapa," alisema. "Pakavu, peupe, kila mtu anapaona."

"Ndiyo sababu sipataki," Mogaka akajibu. "Vijana watakichezea. Kiweke ndani kwangu."

"Ndani wapi?"

"Chumbani. Ukuta ni huu huu mmoja. Toboa tu."

Shabani akanigeukia. "Shemeji, wewe unasemaje?"

"Mwenye nyumba ni yeye," nilisema, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kufikiria kitambaa nitakachokishona cha kukifunika.

Basi akakiweka chumbani, juu ya kichwa cha kitanda. Alifunga ubao kwanza, akaupima usiinamie upande, ndipo akafunga kisanduku chenyewe juu yake. Kilikuwa kidogo, cheusi, na mpini mmoja mkubwa wa kuzimia kila kitu, na fyuzi za kauri zimejipanga kando yake: ya taa, ya soketi, ya mashine ya kunolea vyuma. Niliketi mlangoni nikitazama kwa sababu sikuwahi kuona mtu akifanya kazi taratibu hivyo. Kila waya aliuweka mahali pake. Mwekundu ndio wenye moto, akaniambia, mweusi unaurudisha, na huu wa kijani unakwenda nje kwenye chuma alichokigongelea ardhini chini ya migomba. Akatoboa ukuta, akapitisha waya za gereji ndani ya paipu, akaziba tundu kwa simenti. Kazi nzuri kabisa. Kazi yenyewe sikuilaumu siku hiyo na siilaumu leo.

Alipomaliza akatukusanya sote gerejini, mpaka mzee kwenye kiti chake.

"Sikilizeni," akasema. "Mtu akishikwa na stima, usimguse. Ukimgusa tu, mmekwenda wawili. Zima kwanza."

Mzee Onchiri akauliza, "Inazimiwa wapi?"

Shabani akapiga ukuta kwa kiganja. "Upande wa pili hapa, mzee. Kuna mpini mkubwa mweusi. Unaushusha."

Mzee aliutazama ukuta ule kwa muda mrefu. Nasi tukamwona. Lakini Mogaka alikuwa ameshawasha globu, vijana wanapiga makofi, kila mtu ameinua uso juu. Shabani wa watu hakujua la kuuliza, maana kwao mzee huingia kwa mwanawe akaandaliwa mkeka. Sisi tuliojua tulikuwa tunaangalia globu.

Nikashona kitambaa changu, cheupe chenye maua ya kijani pembeni, nikakitundika juu ya kisanduku. Wanawake wa jirani walikuja kukiona, wakagusa kwa ncha ya kidole na kuruka nyuma wakicheka. Nilijiona mtu, mwanangu. Sitakudanganya.

Sasa ile Ijumaa. Sisi ni watu wa Sabato, na Ijumaa mchana kila kitu hufanywa mbiombio ili jua likizama mikono iwe imetulia. Vijana wa kazi walikuwa wamekwenda nyumbani. Mama mkwe wangu, mama Bosibori, alikuwa ameenda kisimani. Mimi nilikuwa jikoni, ng'ambo ya uwanja, napika chakula cha kesho. Mvua ikaanza, unajua mvua yetu ya mchana, inapiga mabati mpaka mtu akikupigia kelele sikioni unamwona mdomo tu. Gerejini walibaki Mogaka na baba yake. Mogaka alikuwa na kipande kimoja cha kumalizia kwenye mashine ya kunolea.

Maji yaliingia chini ya mlango yakatandaa sakafuni. Waya wa mashine ulikuwa umebanwa na chuma, ngozi yake imechubuka, na hakuna aliyeona. Mogaka akaishika mashine. Mkono ukajifunga. Akawa hawezi kuachia wala kupiga kelele, anatetemeka tu amesimama, macho yamemtoka.

Haya niliyajua baadaye kutoka kwa mzee mwenyewe. Alimwambia mama Bosibori, naye mama akaniambia mimi. Alisema aliinuka akaukumbuka mkono wa Shabani ukipiga ukuta. Soketi ilikuwa nyuma ya Mogaka, na kuifikia ni kukanyaga yale maji. Akatoka nje mvuani akaniita. Aliniita kwa jina langu, Kemunto, jina ambalo hakuwahi kulitamka tangu niolewe. Sikusikia. Akaita tena. Akaja mpaka mlangoni kwetu, akasimama. Alisema alisimama pale kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na kwamba katika maisha yake yote hakuna pumzi iliyokuwa ndefu kama ile.

Kisha akaingia.

Mimi niliona globu ya jikoni imezimika. Nikafunga leso vizuri, nikakimbia mvuani kuja kuangalia. Nikasukuma mlango wa chumba. Baba mkwe wangu alikuwa amesimama juu ya kitanda changu, matope mpaka kwenye mto, kitambaa changu kimechanika kimemning'inia begani, mkono wake umeushika ule mpini mweusi kwa nguvu zote utadhani utamponyoka.

Naye hakugeuka. Alisema akiwa ameuelekea ukuta, "Nenda kwa mumeo. Ameshikwa. Mimi nitatoka."

Nilimkuta Mogaka amelala majini, kiganja kimeungua, anahema. Anahema, mwanangu! Nilipiga magoti nikalia mpaka sauti ikakauka. Jirani mwenye lori alitupeleka hospitali Kisii, na baada ya siku chache tukarudi naye nyumbani, mkono umefungwa bendeji, mdomo wake mzima kabisa.

Lakini mzee hakuja kumwona. Kiti chake gerejini kilikuwa kitupu. Mtoto akipeleka chakula, kinarudi kimeguswa pembeni tu. Wazee wa ukoo walikuja, yakafanywa yanayofanywa mtu akivuka mpaka ule. Kitanda kilitolewa nje na hakikurudi, tukalala chini mpaka seremala alipotuchongea kingine. Wazee wakasema jambo limekwisha. Mchungaji naye akaja, akaomba, akasema Mungu hana kinyongo na baba aliyemwokoa mwanawe. Mzee akaitikia amina. Kesho yake akaanza kufunga vitu vyake.

Alikuwa na mdogo wake huko Borabu, aliyepata shamba wakati watu wetu walipohamia mashamba ya wazungu. Mzee alisema atakwenda kukaa kwake, asirudi.

Mogaka alikasirika. "Aibu gani hii isiyokwisha? Wazee wamesema imeisha. Mwacheni aende, itamtoka akiwa huko."

Nilimjua mume wangu. Alikuwa anasema hivyo huku anachungulia njia ya kwa baba yake. Alidhani baba yake anamkimbia kwa sababu hawezi tena kumtazama. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilidhani ni mimi. Kila nikifumba macho nauona ule mgongo wake, najiuliza ningemfanyia nini mzee huyu aweze kukaa.

Jioni moja mama Bosibori alikuja jikoni kwangu. Hakuwa mwanamke wa kuzungusha maneno. Alimwita Mogaka kutoka gerejini, akamkalisha kwenye kigoda kama mtoto.

"Unajua kwa nini baba yako anaondoka?"

"Aibu," Mogaka akasema.

"Aibu ilikwisha. Mimi ndiye ninayelala naye, ningejua." Akanitazama, akamtazama. "Jana usiku nilimwuliza. Aliniambia hivi: kisanduku bado kiko pale. Mwanangu akishikwa tena, nitaingia tena. Siwezi kukaa mahali ambapo kila nikisikia mashine inanguruma najiandaa kukanyaga kitanda cha mwanangu. Na siwezi kukaa nisiingie."

Sufuria ilikuwa inachemka na hakuna aliyeifunua.

"Wewe ulikiweka kifo chako mahali ambapo baba yako haruhusiwi kufika," mama akaendelea, sauti ya chini kabisa. "Akaivunja heshima yake ili uishi. Sasa unakaa hapa unasema mwacheni aende. Shika nyundo, Mogaka. Vunja ukuta wako kabla hajafunga mzigo."

Sijawahi kumwona Mogaka akilia kabla ya siku hiyo. Aliinamisha kichwa magotini, mabega yakapanda na kushuka, na mama yake hakumbembeleza. Alimwacha alie hadi alipomaliza. Mimi nikakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

Asubuhi Mogaka alikwenda Kisii kumfuata Shabani. Fundi aliposikia habari yote alishika kichwa. "Subhanallah. Laiti ningejua!" Wala hakutafuta wa kumlaumu. Alikusanya vyombo vyake akaja. Akamweleza Mogaka pia jambo ambalo wengi hawalijui hadi leo: ile fyuzi imewekwa ili waya usiungue nyumba ikateketea, lakini mtu akishikwa, fyuzi inaweza kukaa tu haikatiki. Anayemwokoa mtu ni mkono unaofika kwenye mpini upesi.

Wakazima kwenye mita, wakakifungua kisanduku chumbani na kuziba tundu. Gerejini Shabani akaenda tena kando ya mlango, pale pale alipopasema mwanzoni, akauegemeza ubao ukutani.

"Urefu gani?" akauliza.

Mogaka alitoka, akaenda mpaka nyumbani kwa baba yake, akasimama uani akaita. Sijui walisemezana nini. Niliwaona tu wanarudi, mzee mbele, mwana nyuma. Mzee akaingia gerejini, akasimama kando ya mlango, akainua mkono wake bila kujinyoosha wala kujikunja, akaweka kiganja ukutani.

"Hapa," akasema.

Shabani akachora kwa chaki kukizunguka kiganja kile. Hapo ndipo ubao ulipogongwa, na hapo ndipo kisanduku kilipofungwa, waya mwekundu, mweusi na wa kijani, kila mmoja mahali pake. Hakuna kitambaa. Shabani akaweka kikasha cha mbao kukilinda na vumbi, chenye mlango usiokuwa na kufuli. Kisha akamwita kila mtu wa boma, mpaka mimi, mpaka mama Bosibori, mpaka vijana wa kazi ambao Mogaka alikuwa akiwaogopa, tukaushusha ule mpini na kuupandisha mmoja baada ya mwingine. Mimi nilipofika, mzee aligeuka akatazama migomba. Moyo wangu ulitulia nilipomwona akigeuka hivyo.

Mwisho ilikuwa zamu yake. Akaushusha, gereji ikawa giza. Akaupandisha. Akakaa kwenye kiti chake, akaokota msumari uliopinda, akamwambia Mogaka bila kumtazama:

"Haya, shikwa sasa ukitaka. Niko karibu."

Gereji nzima iliangua kicheko, na Mogaka akacheka huku anajifuta macho kwa ile bendeji.

Borabu hakwenda. Alikaa kwenye kiti kile miaka mingi, mashine ikinguruma yeye anasinzia. Alizeeka, akafa, tukamzika, na hadi tunamzika hakuwa ameingia tena ndani ya nyumba yetu. Najua siku hizi watu wakisikia hivyo wanatuonea huruma. Usinionee. Tulimpa nafasi ya kutoingia, na hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote tulivyomfanyia.

Sasa sikiliza ninalotaka ulibebe. Kesho fundi wako akija, mwambie kisanduku kikae gerejini, pakavu, kando ya mlango, mahali ambapo mtu anayekimbia anakifikia kwanza. Kisiwekewe kufuli. Usikifunike kwa urembo. Mwonyeshe mke wako, mama yako, vijana wa kazi, na mgeni anayekuja kukaa wiki moja. Usipime kwa mkono wako wewe uliye mrefu. Pima kwa mkono wa yule atakayebaki nyumbani siku ambayo wewe huwezi kujisaidia. Na kabla hujatoboa, uliza: ni nani katika watu wangu asiyeweza kuingia hapa? Huenda si chinsoni siku hizi. Huenda ni ngazi asizozipanda, au mlango unaoufunga kwa ufunguo, au hofu yake kwako. Uliza tu.

Na si stima peke yake. Kuna shida unazificha, nakuona, mimi ni mzee lakini si kipofu. Unazipeleka mbali, chumba cha ndani kabisa, ili watu wasikuchezee. Mwanangu, wanaokupenda wataingia tu wakikuona unatetemeka. Wataingia na matope yao, na watavunja kilicho kitakatifu kwao, halafu watashindwa kukaa nawe. Usiwafikishe huko. Ziweke pale mkono wao unapofika.

Mungu akae na gereji yako, na mikono yako, na ya wale wote watakaofanya kazi chini ya paa lako. Akupe watu wanaokusikia hata mvua ikipiga mabati. Akufanye nawe uwe wa kusikia. Nenda salama, na ukifika, nijulishe ukuta umetobolewa upande gani.